Kontrakta wa barabara Lamu: leseni ya barabara haikupi leseni ya timbo (machimbo)

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Langoni alinijia baada ya alasiri na faili lake, amepata kazi ya kwanza ya serikali, barabara huko bara upande wa mji wa Hindi, akaniuliza, "Ami, NEMA (mamlaka ya mazingira) yanihusu nini mimi na barabara ni ya serikali?" Tukakaa mpaka maghribi. Nimeona niandike manake swali hili naulizwa kila mara, na mimi mwenyewe lishanigharimu.

Hatua ya 1: Itisha leseni ya mradi

Mwenye mradi, yaani kaunti au shirika la serikali, ndiye anayetakiwa kuwa na leseni ya tathmini ya mazingira chini ya EMCA, sheria ya mazingira ya 1999. Itisha nakala kabla hujaleta hata greda moja. Angalia jina lililoandikwa, barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, na tarehe, kwa sababu leseni hutoa miezi 24 kazi iwe imeanza. Kama ramani imebadilika baada ya leseni kutolewa, mwenye mradi aombe mabadiliko NEMA, kwa barua, si kwa simu. Halafu soma masharti yote yaliyoambatanishwa, manake hayo utayabeba wewe saiti.

Hatua ya 2: Jua kazi yako iko daraja gani

Tangu 2019 miradi imepangwa kwa hatari ndogo, ya wastani na kubwa. Ndogo na wastani ni ripoti ya mradi, kubwa ni tathmini kamili. Mtaalamu wako wa mazingira atakwambia, usijikisie.

Hatua ya 3: Timbo, kambi, krasha, mchanga

Hapa ndo watu huanguka. Leseni ya barabara ni ya barabara. Shimo la muramu (udongo wa changarawe wa kujengea barabara) unalochimba shambani kwa mtu, krasha ya kusagia mawe, mtambo wa lami, kambi ya wafanyakazi, kila kimoja kina idhini yake na anayeitafuta ni wewe kontrakta. Kaa na BQ yako (orodha ya kazi na vifaa) na kalamu, andika kila kitu utakachotoa ardhini na kila kitu utakachosimamisha nje ya eneo la barabara.

Miaka ya nyuma nilikuwa nasimamia saiti moja, tukafungua shimo la muramu kwa sababu mwenye shamba alikubali na sisi tunayo leseni ya barabara mkononi, tukaona yatosha. Siku ya tano maafisa wa mazingira wakafika, wakauliza leseni ya shimo, hatuna, kazi ikasimama hapo hapo, malori yamepangwa foleni na matingo, vijana wa malori, wamelala chini ya mwembe, na mashine za kukodi zinahesabiwa kila siku zinapiga kazi zisipige. Ripoti tuliyoikimbia ingekuwa rahisi kuliko siku mbili za kukodi ekskaveta.

Ruhusa ya mwenye shamba iwe kwa maandishi, na hakikisha ndiye mwenyewe kweli. Huku kwetu bara mashamba mengi hayana hati, au ni ya familia, ndugu mmoja asaini na mwengine yuko Mombasa hana habari. Wasainishe wote mbele ya chifu na wazee.

Kabla ya kuchimba piga picha pande zote nne. Udongo wa juu ule mweusi utengeni pembeni, msiuchanganye na muramu, ndo utakaorudishwa mwisho. Na mwambie mtaalamu aandike shimo litafungwa vipi. Nimeliona shimo moja lililoachwa wazi, masika likajaa maji, kuta zake zimekatwa wima kama kisima, ng'ombe wawili wakaingia kunywa wasiweze kupanda tena. Watoto wa pale walikuwa wanaoga maji hayo hayo. Shimo lilazwe kingo.

Kama kazi ni kisiwani mambo ni mengine. Mchanga wa vilima vya Shela usiuguse, maji ya visima vya Amu, mji wa Lamu, yanatoka chini ya vilima vile. Mawe ukiyanunua Maweni kule Manda muulize muuzaji karatasi zake kwanza. Boriti za mikoko zipitie KFS, shirika la misitu. Na mkichimba msingi mkakuta ukuta wa kale, vigae au mifupa, simamisha jembe uwaite watu wa Makumbusho, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakutaka utoe taarifa.

Hatua ya 4: Mtaalamu

Awe amesajiliwa NEMA na leseni yake ya mwaka huu iko hai. Mimi siajiri mtaalamu asiyekuja saiti, hata akinipunguzia bei nusu. Nishaletewa ripoti ya shimo la huku Lamu ndani imeandikwa mashamba ya kahawa.

Hatua ya 5: Mkutano na wenyeji

Wengine wanauona kama wa kupiga picha tu. Mnakumbuka mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, ulikuwa na leseni ya NEMA, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira (NET) likaifuta leseni ile, na sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Kama mradi wa ukubwa ule uliangushwa na mikutano, shimo lako si kitu.

Usiweke mkutano Ijumaa, wala wakati wavuvi wako baharini, uliza kwanza maji yakoje. Ongea Kiswahili mwanzo mwisho. Andika maswali kama yalivyoulizwa, hata yale makali, na majibu uliyotoa, majina na saini. Wanawake wapewe nafasi, wao ndo wanaojua vumbi linaingia wapi na maji yanachotwa wapi. Kwa tathmini kamili kanuni za 2003 zinataka mikutano isiyopungua mitatu pamoja na matangazo ya gazeti na redio.

Hatua ya 6: Peleka ripoti, ungoje

Kwa ripoti ya mradi kanuni zimetaja siku 45. Ziweke kwenye programu ya kazi tangu unajaza tenda.

Hatua ya 7: Kazi ikiendelea

Nakala za leseni zote ziwe ofisi ya saiti. Mwagia maji vumbi. Karibu na nyumba za watu kelele za saiti zisipite desibeli 60 mchana na 35 usiku, kwa hivyo mashine za usiku sahau.

Ukimaliza funga shimo, rudisha udongo mweusi, piga picha pale pale uliposimama mara ya kwanza, na mwenye shamba asaini kwamba ameridhika. Karatasi hiyo itunze, mimi huiambatanisha ninapodai pesa za ritensheni, zile zinazozuiliwa mpaka kazi ikubaliwe. Yule kijana wa Langoni tumekubaliana Jumamosi tuvuke Mokowe asubuhi, twende tukapige hizo picha za kwanza kabla ekskaveta haijafika.