Somo: Kukwangua utando wa rangi kwenye sensa ya kamera

Wakuu, sensa ya kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga wa picha, haijui rangi. Inahesabu mwanga tu. Rangi inaletwa na utando mwembamba uliobandikwa juu yake, wenye vijidirisha vyekundu, vya kijani na vya buluu, kwa mpangilio aliobuni Bryce Bayer wa Kodak na kupata hataza yake mwaka 1976. Nusu ya vijidirisha ni kijani, robo nyekundu, robo buluu.

Sasa sisi tunaopiga picha za anga usiku tuna shida moja. Mawingu ya haidrojeni, kama yale ya kundi la nyota la Orioni, yanang'aa kwenye nanomita 656, wekundu mtupu. Canon 1100D ina pikseli (vidoa vya kupokea mwanga) milioni 12, lakini zinazouona mwanga huo ni kama milioni 3. Nyingine zimekaa tu. Ukikwangua utando, zote zinafanya kazi. Ila kama unachotaka ni picha nyeusi na nyeupe za harusi, usijisumbue, somo hili litakuulia kamera bure.

1. Tafuta kamera nzee unayokubali kuipoteza. Canon za zamani, 350D, 450D au 1100D, ndizo watu wengi wamezijaribia.

2. Toa betri, fungua. Humo ndani kuna kapasita ya fleshi, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoweza kushika kama volti 300 hata kamera ikiwa imezimwa. Itoe chaji kwa rizista kabla ya kuingiza kidole popote. Piga picha kwa simu kila skrubu na kila fleksi (waya bapa kama utepe) unayochomoa. Zinafanana lakini urefu si mmoja.

3. Toa vichujio vya mbele ya sensa. Kinabaki kioo kilichogandishwa kwa gundi juu ya sensa yenyewe. Pasha kingo zake kwa bloa ya fundi simu, polepole, huku ukijaribu kona moja kwa wembe. Wembe ulegeze gundi tu, usizame ndani.

4. Hapa ndipo sensa nyingi hufia. Pembeni kuna safu ya nyaya za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, zinazounganisha sensa na kitako chake. Sensa yangu ya kwanza niliipangusa vumbi kwa pamba, pamba ikanasa nyaya tatu hivi. Nikawasha kamera: giza. Siku hizi nazifunika kwanza kwa gundi ya epoksi, naipaka kwa ncha ya sindano, naiacha usiku kucha ikauke. Epoksi isitiririkie kwenye pikseli.

5. Kwangua. Chonga kijiti cha mti laini kiwe bapa kama tindo, chuma marufuku. Huu si ukoko wa wali, usikandamize. Anzia katikati, nenda kwa mistari mifupi. Utando unatoka kama unga, na chini yake panang'aa kama kioo cha kujitazamia. Acha kama milimita moja kabla ya epoksi. Mimi ilinichukua jioni mbili na shingo ikauma.

6. Rudisha kila kitu, kisha rekebisha fokasi, maana vioo ulivyotoa vilikuwa vinasogeza mahali mwanga unapokutania.

7. Piga RAW peke yake, yaani data ghafi ya sensa. Kamera haijui ulichoifanyia, JPEG yake itaendelea kubuni rangi. Kwenye kompyuta tumia programu ya dcraw, kwa amri dcraw -D -4 -T. Faili itaonekana nyeusi tii. Usishtuke, data ya biti 14 (12 kwa 350D) imekaa ndani ya biti 16. Ivute tu mwanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwani nikiweka kamera kwenye nyeusi na nyeupe si ni yale yale?
– Hapana, mkuu. Mwanga umeshachujwa, kamera inafuta rangi baadaye. Leica walipotoa M Monochrom mwaka 2012 waliitengeneza bila utando kabisa.

Kwa hiyo mwanga unaongezeka mara nne?
– Wengi wanadanganyana hapa. Juu ya utando kuna vilenzi vidogo mno vinavyokusanya mwanga kwenye kila pikseli, na ukikwangua navyo vinaondoka. Kwa wekundu wa haidrojeni faida ipo, hasa katika ukali wa picha, lakini usitegemee muujiza.

Naogopa kuharibu kamera, kaka. Nianzie wapi?
– Kamera ya Raspberry Pi toleo la kwanza, ile ya megapikseli 5. Ni ya bei ndogo, ukiiua hulali njaa.

Yangu imebaki na mabaka, picha ina madoa.
– Dada, usirudi kukwangua. Funika lenzi kwa kitambaa cheupe, elekeza angani alfajiri, piga picha 20 za mwanga sawa, kisha gawanya picha zako kwa wastani wake. Mabaka yatafutika karibu yote. Yasipofutika, hilo ni alama ya wembe, utaishi nalo kama mimi na langu.