Kabla ya Kupeleka Choo Maabara: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayeishi na VVU

Kuhara kunakodumu zaidi ya wiki mbili ni sababu ya kutosha kwa mtu anayeishi na VVU kwenda kituo cha afya badala ya kununua dawa ya minyoo dukani, kwa kuwa vimelea vinavyosumbua zaidi kinga inaposhuka, hususan CD4 (seli za kinga kwenye damu) zikiwa chini ya 200, mara nyingi si minyoo bali ni vijidudu vya seli moja, ambavyo dawa hiyo huenda isiviguse.

Kabla ya kipimo, mweleze mhudumu kwamba unaishi na VVU, hata kama hukuulizwa, kwani maelezo hayo ndiyo yanayobadilisha kipimo chenyewe. Kwa kawaida choo huchanganywa na tone la maji ya chumvi juu ya kioo na kutazamwa kwa hadubini, na hapo kriptosporidiamu, mojawapo ya vijidudu hivyo vya seli moja, yenye upana wa maikromita 5 hivi, hupita kirahisi ikidhaniwa ni chembe ya hamira. Ikipakwa rangi maalumu, inayokaribiana na ile ya kupimia makohozi ya kifua kikuu, hujitokeza kama kiduara chekundu. Rangi hiyo mara nyingi haitumiki mpaka iombwe; hakikisha imeandikwa kwenye fomu.

Jiandae kutoa sampuli zaidi ya moja, kwa kawaida tatu za siku tofauti, kwani vimelea havitoki kwa wingi uleule kila siku. Kikopo kiwe kikavu na kifuniko chake kibane, na choo kisichanganyike na mkojo wala maji. Choo cha majimaji ni afadhali kitolewe palepale kituoni, maana amiba hai hufa upesi na ikishatulia ni vigumu kuitambua.

Orodhesha dawa zote ulizotumia, zikiwamo antibiotiki na za kufunga tumbo, ambazo zinaweza kuvuruga matokeo. ARV, yaani dawa za VVU, usiziache: kwa kriptosporidiamu, kuinua kinga ndiyo tiba ya msingi. Anayetumia dolutegravir, mojawapo ya ARV, pamoja na dawa ya kutuliza asidi yenye magnesiamu au aluminiamu ameze dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye.

Wakati wa kusubiri majibu, maji ya kunywa na ya kuchanganyia ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1 kamili, kwa sababu klorini ya kutibia maji haitoshi kuua kriptosporidiamu. Choo kikiwa na damu, au mkojo ukianza kukauka, usingoje majibu. Rudi kituoni siku hiyohiyo.