Kabla ya kuingia thieta: yatakayouepusha mshono na usaha

Siku ya 6 baada ya dada yangu kujifungua kwa upasuaji, plasta iliyokuwa kavu asubuhi ililowa jioni, ikawa na maji ya manjano yanayonuka. Tulikuwa tumesharudi nyumbani, Jinja. Akasema ni jasho. Tangu hapo, ndugu yeyote akipangiwa upasuaji namketisha kwanza.

Bakteria wengi wanaoharibu mshono huwa tayari wako kwenye ngozi na puani mwa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo oga vizuri usiku wa kuamkia siku yenyewe au asubuhi yake. Sabuni ya kawaida inatosha. Wembe uache kabisa. Najua wengi hujinyoa nyumbani wakiona aibu mbele ya manesi, lakini wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na humo ndimo vijidudu huzaliana. Nywele zikilazimika kuondolewa, hospitali itazipunguza kwa mashine.

Mweleze daktari kama una kisukari, na dawa zinazokudhuru. Sigara iache angalau wiki 4 kabla. Uliza pia kuhusu antibiotiki ya kinga: inapohitajika, hutolewa ndani ya saa 2 kabla ya kupasuliwa.

Sasa mwuguzaji. Katika wodi zetu za serikali yeye ndiye anayekuogesha, anayefua, anayekulisha. Mchague mmoja au wawili, wasije kumi wakakalia kitanda. Begini weka shuka mbili zilizofuliwa na kuanikwa juani, vipande vya sabuni, na jerikeni safi yenye mfuniko, maana bomba la wodi halina ahadi. Anawe kila mara kabla ya kukugusa, na bendeji asiifunue ili kuwaonyesha wageni. Hili si geni kwetu: mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, mmisionari Robert Felkin alimshuhudia mpasuaji akiosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi kabla ya kupasua. Kidonda kilifunga baada ya siku 11.

Maambukizi yanaweza kujitokeza hadi siku 30, na hata 90 ukiwekewa chuma mfupani, kama wengi wanaoanguka na boda. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, basi pitisha mgongo wa mkono kando ya mshono: joto, uvimbe, ugumu. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu, homa, mshono kuachia, yote hayo ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Tafadhali usifungue kapsuli ukamwagia unga wake kidondani.

Tenga nauli ya kurudi kabla hujalazwa, uifunge pembeni, isiguswe hata kwa sukari. Sisi usiku ule hatukuwa nayo. Dada alilala na homa mpaka kulipokucha.