Mwamuzi avae rangi gani? Mwongozo kwa wanaochezesha mechi za mtaa Lubumbashi

Lubumbashi tuna shida yetu. Nyeusi, rangi ambayo kila mtu anaijua kuwa ya mwamuzi, ndiyo rangi ya klabu yetu ya TP Mazembe, pamoja na nyeupe. Njano, ambayo mwamuzi huikimbilia nyeusi ikikataa, ni ya klabu yetu nyingine, Lupopo, pamoja na bluu. Na timu za mitaani, kuanzia Katuba mpaka Ruashi, hutafuta jezi za kufanana na hizo mbili, kwa sababu wenye timu walikuwa mashabiki kabla hawajawa viongozi. Ndiyo maana Jumapili moja utakuta milia nyeusi na nyeupe huku, njano na bluu kule, na wewe umesimama katikati na begi lako.

Nawaandikia wanaochezesha mechi za mtaa, za shule, za parokia na mashindano ya likizo. Waamuzi wa ligi za juu hupangiwa sare, hawana haja ya haya.

Hatua ya 1: Jua sheria inadai nini

Rangi zimo katika Sheria ya 4, katika kitabu cha sheria za mchezo kinachotolewa na IFAB, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka. Kwa ufupi: timu mbili zivae rangi zinazotofautiana, na zitofautiane pia na za waamuzi. Kila kipa avae rangi inayomtenga na wachezaji wote wengine na waamuzi. Kwa hiyo unahesabu rangi tano: timu mbili, makipa wawili, na ninyi waamuzi.

Kuna kifungu kimoja kinachookoa mechi nyingi za mtaani. Jezi za makipa wawili zikiwa za rangi moja na hakuna hata mmoja mwenye nyingine, mechi inachezwa. Usiahirishe mchezo kwa sababu hiyo, wala usimvalishe kipa koti la mtu. Makipa wako mbali, kila mmoja golini kwake. Wanakutana mara chache, labda kona ya dakika ya mwisho.

Sheria haisemi popote kwamba mwamuzi avae nyeusi. Ni desturi tu, na imeshalegezwa zamani: kwenye Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani waamuzi walivaa rangi nyingine, njano ikiwemo. Kwa hiyo mzee akikuambia pembeni ya uwanja kwamba jezi yako ya kijani si ya refa, msalimie kwa heshima uendelee na kazi.

Hatua ya 2: Nunua jezi mbili, halafu ya tatu

Ya kwanza iwe nyeusi, ya pili njano. Bukta nyeusi na soksi nyeusi zinakwenda na zote, hivyo hapo hakuna gharama mpya. Ya tatu ndiyo watu wanaikosea. Wengi hununua nyekundu kwa sababu inapendeza. Lakini viwanja vyetu vingi ni udongo mwekundu, na kuanzia Mei mpaka Septemba vumbi linapanda mpaka kiunoni. Baada ya dakika ishirini jezi nyeupe ya timu imeshaanza kuwa ya rangi ya tofali, na mwamuzi wa jezi nyekundu amepotea humo. Chukua kijani kinachong'aa, au samawati ya kukolea kidogo kama hutachezesha timu nyingi za bluu. Kwenye udongo wetu kijani hakifichiki.

Ukinunua mitumba, pale soko la Kenya (mtaa wetu hapa Lubumbashi, si nchi) au kwingine, angalia mambo matatu. Jezi iwe na mifuko miwili ya kifuani inayofungika, kwa ajili ya kadi na daftari. Isiwe na milia minene, kwa sababu milia ikionekana kwa mbali huchanganya rangi. Na ikiwa imeshonwa beji ya FIFA kifuani, ifumue. Beji ile ni ya waamuzi walio kwenye orodha ya kimataifa ya mwaka husika. Mchezaji anayeijua atakucheka, na asiyeijua utakuwa umemdanganya.

Kule Marekani mwamuzi wa mechi za watoto huwa na njano kama rangi ya kwanza, halafu nyeusi, nyekundu, bluu na kijani za akiba, na zote zinamsubiri kwenye gari. Sisi tunafika kwa pikipiki na begi moja. Tatu zinatosha.

Hatua ya 3: Uliza mapema, uliza vizuri

Siku moja kabla ya mechi, watumie viongozi wa timu zote mbili ujumbe. Usiulize "mnavaa rangi gani?" Utajibiwa "bluu," nawe hujui kama ni bluu ya anga au bluu ambayo jioni inakuwa nyeusi. Omba picha ya seti nzima: jezi, bukta, soksi, na jezi ya kipa. Kipa usimsahau. Kila mara anayeharibu hesabu ni yeye, kwa kuwa jezi yake ni yake binafsi na huja nayo bila kumwambia mtu.

Hatua ya 4: Zitandaze chini kabla hawajavaa

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo fika mapema, walau dakika arobaini kabla ya mchezo. Timu iliyokwisha kuvaa haibadilishi jezi kwa moyo mweupe. Timu ambayo jezi bado ziko kwenye gunia inakubali haraka.

Omba kila timu ikupe jezi moja, bukta moja, soksi, na jezi ya kipa. Zitandaze juu ya nyasi kama zipo, au juu ya begi, jezi yako ikiwa katikati. Rudi nyuma hatua thelathini hivi. Sasa fumba macho nusu. Rangi zinazoendelea kuachana ukiwa hivyo ndizo mchezaji ataziona akikimbia na jasho machoni. Zinazoungana, zitaungana pia kwenye mechi.

Kisha toa simu, piga picha ya vitu hivyo, ifungue kwenye sehemu ya kuhariri na uondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Utashangaa. Nyekundu iliyoiva na kijani cha majani, ambazo ukiziangalia kawaida hazina undugu, mara nyingi hugeuka kijivu kilekile. Bluu nzito na zambarau, hivyohivyo. Njano na nyeupe nazo huungana upande wa pili, na jua la saa kumi likizipiga ubavuni ni balaa zaidi. Usitafute tu rangi tofauti. Tafuta moja iliyokoza na moja nyepesi. FIFA nayo huzitaka timu kwenye mashindano yake ziwe na seti mbili za namna hiyo, na haifanyi hivyo kwa urembo: kuna watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Mmoja wao anaweza kuwa kiungo wa timu ya mtaa wako, au mshika kibendera wako mwenyewe, na huenda hajawahi kumwambia mtu.

Usiishie kwenye jezi. Mchezaji mwenye mpira anaangalia chini. Anachokiona kwanza ni soksi na bukta za anayemkaribia. Mshika kibendera anayetafuta kuotea anaangalia miguu iliyopishana kwenye mstari. Timu mbili zenye bukta nyeusi na soksi nyeusi, zikitofautiana jezi tu, zitampa tabu. Mimi soksi zikifanana navumilia, ilimradi jezi na bukta zimeachana. Bukta na soksi zote zikifanana, basi jezi lazima ziwe mbali kabisa, moja ya giza na nyingine ya mwanga. Vinginevyo nataka vizibao, yaani vile vifulana visivyo na mikono vya kuvaa juu ya jezi. Na mtu asikushauri washushe soksi ili waonekane tofauti. Vilinda ugoko lazima vifunikwe na soksi.

Hatua ya 5: Zikigongana, nani abadilishe?

Sheria inasema zitofautiane. Haisemi nani avue. Hilo huwekwa na kanuni za mashindano, kwa hiyo zisome kabla. Kama mashindano hayana kanuni iliyoandikwa, na ya mtaani mara nyingi hayana, fuata mpangilio huu.

Rangi yako ikigongana na ya timu au ya kipa, badilisha wewe. Kwa maandishi ya sheria ungeweza kusema timu ndiyo itofautiane na mwamuzi, lakini huyo mwenye jezi ishirini hana pa kwenda, na wewe una begi. Pia ni kwa faida yako. Mwamuzi anayefanana na timu hupewa pasi. Tangu mabadiliko ya 2019, mpira ukikugusa ukabaki uwanjani, halafu timu ikaanza shambulizi la hatari, au mpira ukaingia moja kwa moja golini, au ukahamia timu nyingine, unasimamisha mchezo na kuuanzisha tena kwa kudondosha mpira. Ukidondosha mara tatu kwa sababu ya jezi yako, kelele za uwanja wote ni zako.

Kipa akifanana na wachezaji wake au wa wapinzani, mpe kizibao, au abadilishane na kipa wa akiba. Hili halina msamaha kama lile la makipa wawili kufanana.

Timu zikifanana, hapo ndipo utasikia: "Papa arbitri, hii njo tuko nayo, ingine hatuna." Upande wa pili nao wanasema hivyohivyo, na wote wanasema kweli. Usianze kuhukumu nani alivaa rangi hiyo zamani zaidi. Waite manahodha wawili, warushie sarafu mbele ya makocha, anayeshindwa anavaa vizibao. Kwetu pesa ni noti tupu, kwa hiyo tafuta sarafu yoyote uiweke begini. Mimi natumia ya Zambia.

Vizibao viwe vya rangi ambayo hakuna timu wala mwamuzi aliyeivaa, na viwe vipana ili visiishie kifuani. Vinafunika namba, jambo linalowasahaulisha wengi. Kabla ya kuvivaa, andika majina ya wachezaji kwenye daftari pamoja na alama ya kila mmoja: viatu vya chungwa, ndevu, bandeji ya goti. Ukitoa kadi ya njano kwa "yule wa kizibao," kadi ya pili itakuwa kesi. Halafu waambie wa akiba wasivae vizibao vya rangi hiyo pale benchi.

Hatua ya 6: Vilivyo chini ya jezi

Pita haraka, lakini pita. Fulana ya ndani yenye mikono inayoonekana iwe na rangi kuu ya mkono wa jezi. Taitsi iwe na rangi kuu ya bukta, au ya sehemu yake ya chini kabisa, na wachezaji wa timu moja wavae rangi moja. Utepe au kamba ya kufungia soksi ifanane na sehemu ya soksi unapokaa. Anayefunika kichwa, hasa kwenye mechi za wasichana, kitambaa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, na wote wa timu hiyo wafanane.

Kwenye mechi ya watoto wasio na viatu vinavyolingana sitapima rangi ya utepe. Kwenye fainali ya mtaa, nitapima.

Hatua ya 7: Wasaidizi wako

Ninyi watatu vaeni rangi moja. Kama una njano na mwenzako hana, wote rudini kwenye nyeusi. Nyeusi nayo ikigongana na ya timu, mwamuzi wa kati avae inayotofautiana kabisa na wasaidizi wavae iliyo karibu nayo. Rangi ya mwamuzi wa kati ina uzito zaidi, kwani wao wako nje ya mstari.

Mara nyingi utaletewa wasaidizi wawili wa kujitolea, mmoja kila timu, kila mmoja kavaa jezi ya timu yake. Wavueni. Mchezaji akiona jezi ya mwenzake pembeni mwa jicho atampigia mpira, na watazamaji wataona mshika kibendera ana upande. Kizibao kimoja kimoja kinatosha. Bendera ziwe njano au nyekundu kali. Kitambaa kilichoshonewa kijiti kinafanya kazi.

Hatua ya 8: Mechi ikishaanza

Ukigundua mgongano ambao hukuuona, usisimamishe shambulizi la mtu. Subiri mpira utoke, mwite nahodha, sahihisha. Kama ni timu nzima, ngoja mapumziko, isipokuwa hali iwe mbaya kiasi kwamba wachezaji wanawapigia pasi wapinzani.

Mchezaji mwenye kasoro moja, tuseme fulana ya ndani ya rangi nyingine, mwambie atoke kurekebisha mpira ukitoka. Anarudi kwa ruhusa yako, na kabla hajaingia wewe, msaidizi au mwamuzi wa akiba lazima mkague. Jezi ikichanika au ikilowa damu, atavaa nyingine. Ikiwa na namba tofauti, iandike papohapo.

Kati ya Novemba na Machi kuna tope. Mapumziko yakifika, zitazame timu upya kama vile hujawahi kuziona. Tope likishazifanya bukta zote kuwa za rangi moja, vitoe vizibao hata kama kipindi cha kwanza hamkuvihitaji.

Hatua ya 9: Kufua

Nyeusi iliyopauka si nyeusi tena, ni kahawia, na kahawia ni rangi ya uwanja. Jezi ikiwa na vumbi jekundu usiitie kwenye maji moja kwa moja. Itafyonza na doa halitoki. Ianike kwanza ikauke, ikung'ute, isugue kwa brashi kavu, ndipo uiloweke kwenye maji baridi, nyeusi peke yake. Igeuze ndani nje na uianike kivulini. Njano iangalie kwapani na kwenye kola kabla hujaikunja, halafu irudishe begini usiku huohuo pamoja na ile ya kijani.