Mizizi ya mpunga ikinuka yai viza, usikimbilie UREA

Msimu uliopita mama mmoja huku Usangu, Mbeya, aliniita shambani kwake, mpunga ukiwa na wiki tano tangu kupandikizwa. Majani yalikuwa ya njano, machipukizi ya kuhesabu, na tayari alikuwa amekopa hela ya mfuko mwingine wa UREA, mbolea ya naitrojeni. Nikamwomba kwanza tung'oe shina moja. Tulilichimba pamoja na tope lake, tukalisuuza taratibu kwenye mfereji. Mizizi ilikuwa myeusi, laini kama uzi uliolowa, inanuka yai viza. Jaruba lile, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, lilikuwa limejaa maji tangu siku ya kupandikiza, na mabua ya msimu wa nyuma yalichavangwa humo, yaani yalivurugwa na tope, siku tatu tu kabla ya kupanda, hayajaanza hata kuoza. Mbolea ya mkopo ingepotea bure, maana mizizi ya kuipokea haikuwepo.

Mizizi yenye afya ukiisuuza utaiona ina ncha nyeupe, na nyuma ya ncha ina rangi nyekundu ya kahawia. Wengi wakiuona wekundu huo hudhani ni ugonjwa. Ni kutu. Mpunga una mirija ya hewa inayoshuka kutoka majanini hadi mizizini, na sehemu ya oksijeni hiyo huvuja nje na kugusa madini ya chuma yaliyomo kwenye tope, nayo yanashika kutu. Kwa hiyo ukiona kutu kwenye mzizi, jua mzizi unapumua.

Katika utando mwembamba wenye hewa kuuzunguka mzizi, katikati ya tope lisilo na hewa, ndimo wanamoishi bakteria rafiki wa mpunga. Mzizi huwalisha kwa sukari na asidi zinazotoka ndani yake. Nao hulipa. Wapo kama Azospirillum wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Wengine hutoa homoni inayoufanya mzizi utoe matawi na vinyweleo vingi, na kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu mzizi wenye matawi mengi hunyonya vizuri hata mbolea uliyonunua. Wengine huyeyusha fosforasi iliyoganda kwenye udongo. Baadhi hawaishii nje: hupenya kwenye mipasuko midogo inapochomoza mizizi ya pembeni, wakakaa ndani ya mmea bila kuudhuru.

Kule Misri, kwenye delta ya Nile, wakulima wamepokezanisha mpunga na klova, majani jamii ya kunde ya kulishia mifugo, kwa zaidi ya miaka 700. Katika miaka ya 1990 watafiti waligundua kwamba bakteria wanaoishi kwenye vinundu (vivimbe vidogo) vya mizizi ya klova huhamia ndani ya mizizi ya mpunga unaofuata. Kupokezanisha huko kunaupatia mpunga kiasi cha robo hadi theluthi ya naitrojeni inayoshauriwa. Angalia vizuri: ni robo hadi theluthi, si yote. Anayekuambia bakteria watakuondolea kabisa gharama ya mbolea, mwogope.

Huku kwetu tuanze na kitalu. Nimeona mara nyingi watu wakipiga matita ya miche kwenye mguu ili tope lidondoke. Kila pigo linakata vinyweleo na kuwamwaga bakteria waliokwisha kujenga makao. Miche ya kilimo shadidi, yaani kilimo cha kupanda miche michanga kwa nafasi, ya siku 8 hadi 12, ichukuliwe na udongo wake, ipandwe siku hiyo hiyo, mmoja mmoja, juu juu. Ukiuchomeka mche kwa nguvu, mzizi unapinda kuelekea juu na unapoteza siku kadhaa ukijinyoosha.

Sasa maji, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Maji yakikaa mfululizo, oksijeni inaisha topeni, na bakteria wa aina nyingine wanashika nafasi, wale wanaotengeneza gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu kwa mzizi. Mabua mabichi yakiwemo, wanapata chakula tele na hali inakuwa mbaya zaidi. Dawa yake ni kumwagilia na kukausha kwa zamu. Chukua kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 30, toboa matundu kwenye sentimita 20 za chini, kizamishe sehemu hiyo ardhini na utoe tope lililobaki ndani. Kuanzia wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, acha maji unayoyaona ndani ya bomba yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kisha fungulia tena. Magugu yakiwa mengi, chelewa wiki mbili hadi tatu. Mpunga unapotoa maua usiufanyie hivyo: weka maji ya sentimita 5 mpaka maua yapite. Kipalizi cha kusukuma nacho, kikipita kati ya mistari, kinaingiza hewa kwenye tope.

Ukishaanza kukausha, badili pia namna ya kuweka UREA. Ukiimwaga juu ya maji, sehemu kubwa inapaa hewani. Imwage udongo ukiwa umekauka, halafu fungulia maji mara moja yaishushe mizizini. Na usiizidishe, kwa sababu bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani wakiikuta imejaa topeni huacha kazi.

Mabua tafadhali usichome. Karibu naitrojeni yote huondoka na moshi, na sehemu kubwa ya potasiamu ya mpunga, kama asilimia 80, imo kwenye mabua hayo. Yalime mara baada ya mavuno udongo ukiwa bado na unyevu, au yatengenezee mboji. Ukichelewa, yape walau wiki tatu kabla ya kupandikiza. Unyevu huo huo unatosha choroko au dengu, ambazo vinundu vyake vitaiachia ardhi naitrojeni.

Yule mama tulimfungulia maji yatoke, tope likashika, akapita na kipalizi. Siku ya kumi tuling'oa shina lingine, mizizi mipya myeupe ilikuwa imeshatoka juu ya ile myeusi. Ndipo akaweka UREA yake.

Kuhusu bakteria wa pakiti au chupa wanaouzwa madukani: ni viumbe hai, jua kali linawaua. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, uliza walihifadhiwa wapi, usiwachanganye na dawa za ukungu. Usinunue kwa ajili ya shamba zima. Chovya mizizi ya miche ya jaruba moja kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, jaruba la jirani liache bila kitu, mengine yote yawe sawa. Wiki ya sita ng'oa mashina matano kila upande, uyasuuze, uyalaze sambamba kwenye turubai, uhesabu machipukizi na uangalie mizizi. Siku ya kuvuna, pima kila jaruba peke yake.