Kompyuta Inaganda Ikiwashwa: Kwanza Jua Inakwamia Wapi

Kompyuta ikianza kuganda wakati wa kuwaka, wengi hukimbilia kuweka Windows upya. Mara nyingi hiyo ni kazi bure. Kama ubovu uko kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au kwenye diski, Windows mpya nayo itaganda palepale, na safari hii picha na mafaili yako yatakuwa yameshafutika. Kabla hujashika bisibisi wala kuandika amri yoyote, iwashe uitazame tu. Unatafuta jibu la swali moja: inakwamia wapi?

Kuwaka kwa kompyuta ni kazi ya kupokezana. Umeme ukifika, programu iliyo ndani ya madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), yaani BIOS, ambayo kwenye mashine za sasa ni UEFI, huamka kwanza na kukagua prosesa, RAM, kadi ya video na kibodi. Hapo ndipo unapoona nembo ya mtengenezaji. Ikimaliza, hutafuta diski yenye mfumo endeshi na kuukabidhi usukani. Windows huanza kupakia draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kuendesha vifaa, nawe unaona vidoti vinazunguka. Mwisho unaingiza nywila, na programu zinazojiwasha zenyewe zinaanza kugombea diski. Kila kituo kina washukiwa wake, na ukishajua kituo umeshapunguza nusu ya kazi. Piga picha ya skrini ilipokwama, pamoja na maandishi yoyote yaliyotokea.

Imeganda kweli, au inajivuta?

Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu huku ukitazama taa yake. Ikiwaka na kuzimika, kompyuta bado ina uhai. Kuna kitu inakisubiri. Isipoitikia kabisa, imeganda hasa. Jaribio hili lina maana zaidi ukiwa umeshapita nembo. Tazama pia taa ya diski kama mashine yako inayo: ikiwa inapepesa, kuna kazi inaendelea.

Skrini ikiwa nyeusi lakini Caps Lock inaitikia, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huamsha upya draiva ya video, na mara nyingine picha hurudi hapohapo. Ukiona mshale wa kipanya peke yake juu ya weusi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, chagua kuendesha kazi mpya, uandike `explorer.exe`.

Na kama skrini inasema inaweka masasisho na asilimia zinapanda, hata kwa kujikokota, iache imalize. Kuizima katikati ni kujitengenezea tatizo ambalo hukuwa nalo.

Hatua ya kwanza: ivue kila kitu

Zima. Chomoa flashi, printa, diski ya nje, kamera, habu ya USB, hata kadi ya kumbukumbu iliyosahaulika pembeni. Bakiza skrini, kibodi na kipanya tu. Washa.

Watu huidharau hatua hii kwa sababu haionekani kama ufundi. Lakini wakati wa kuwaka, BIOS huuliza kila kifaa kilichochomekwa wewe ni nani, na kifaa kibovu kinaweza kukaa kimya huku mashine nzima ikisubiri jibu. Flashi nayo inaweza kuwa nzima kabisa, ila BIOS imeifanya ya kwanza kwenye orodha na inajaribu kuwaka kutoka humo. Kompyuta ikiwaka, rudisha vifaa kimoja kimoja, ukiwasha kila mara. Isipowaka, hamishia kibodi kwenye tundu jingine kisha usonge mbele.

Hatua ya pili: toa umeme wote

Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Chomoa waya wa umeme. Kama ni laptopu ambayo betri yake hutoka kwa mkono, itoe. Sasa bonyeza kitufe hichohicho na ukishikilie kwa sekunde 30. Unamaliza umeme uliobaki ndani ya saketi, ambao wakati mwingine huifanya madabodi ing'ang'anie hali mbovu. Chomeka tena, moja kwa moja ukutani bila kupitia ekstensheni, uwashe.

Kama bado, fuata njia kulingana na kituo ulichokiona.

Ikikwamia kwenye nembo, au kabla yake

Windows haijaguswa bado, kwa hiyo usipoteze muda nayo. Jaribu kuingia kwenye BIOS kwa kugonga F2, Delete, F10 au Esc mara tu unapowasha. Kitufe hutegemea mtengenezaji na mara nyingi kimeandikwa chini ya skrini. Ukiingia, kaa humo dakika chache. Ikitulia bila kuganda, angalia kama diski yako imeorodheshwa. Ikiganda hata ukiwa ndani ya BIOS, ubovu ni wa vifaa: RAM, joto, umeme au madabodi yenyewe.

Usipoweza hata kuingia, fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: zima, chomoa umeme, fungua kava, chomoa waya wa data wa diski, kisha jaribu tena. Diski inayokufa inaweza kuishika BIOS mateka kwa sababu BIOS inaiuliza nayo haijibu. Ikiwa sasa unaingia bila shida, umempata mhusika, au angalau waya wake. Badilisha waya kwanza. Ni rahisi kuliko diski.

Kama diski haina hatia, nenda kwenye RAM. Gusa chuma kitupu cha kasha kwanza ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Vipande vya RAM ni vile vibao vyembamba vilivyosimama karibu na prosesa, vimebanwa na vishikizo nchani. Fungua vishikizo, kivute kibao juu kwa kushika kingo zake. Chini yake utaona safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia au yana utando, yasugue taratibu kwa kifutio laini cha penseli, ukipuliza vumbi la kifutio lisirudi kwenye sloti (tundu kibao kinamokaa). Kukirudisha, linganisha pengo dogo lililo chini ya kibao na kizuizi kilicho ndani ya sloti, kisha kandamiza pande zote mbili mpaka usikie kishikizo kimebana. Kibao kinachoonekana kimekaa huku upande mmoja ukiwa juu kidogo tu kinatosha kuifanya mashine ikwame.

Washa ukiwa na kibao kimoja. Kisha kingine, kwenye sloti ileile. Ikiwaka na kimoja na kukataa na kingine, ni kibao. Ikikataa vyote kwenye sloti hiyo lakini ikakubali kwenye sloti nyingine, ni sloti. Angalizo moja kwa wenye mashine za RAM ya DDR5: ukishagusa RAM, uwakaji wa kwanza unaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa wakati madabodi inaipima upya. Usiizime kwa pupa.

Madabodi nyingi hujieleza zenyewe, ama kwa milio ama kwa vitaa vidogo vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (video) na BOOT (diski ya kuwakia). Kitaa kinachobaki kimewaka ndicho kituo ilikokwama. Maana ya milio hutofautiana, hivyo soma kitabu cha madabodi yako, si cha jirani.

Saa ya kompyuta ikirudi miaka ya nyuma kila unapochomoa umeme, betri ndogo ya madabodi imekwisha. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, na kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. Lakini kuitoa kunafuta mipangilio ya BIOS, na hapo wengi wanaumia: RAID na AHCI ni mitindo miwili ya BIOS kuwasiliana na diski, na kama diski ilipangwa kwa RAID na BIOS ikarudi kwenye AHCI, Windows iliyokuwa nzima itakataa kuwaka. Kama unaweza kuingia BIOS, piga picha kurasa zake zote kabla ya kugusa betri.

Kuhusu pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme: kama una mita ya kupimia volti na unajua kuitumia, waya wa volti 12 unapaswa kusoma kati ya 11.4 na 12.6. Nje ya hapo, badilisha. Usiifungue. Kapasita za ndani hubaki na umeme hatari hata waya ukiwa umechomolewa.

Ikikwamia kwenye vidoti vinavyozunguka

Uliza kwanza: je, inaganda ukiiwasha baada ya kuizima, lakini ukichagua "Restart" inawaka vizuri? Tangu Windows 8, kuzima si kuzima kamili. Mfumo huhifadhi kiini chake kwenye faili la `hiberfil.sys` ili uwakaji ujao uwe wa haraka, na draiva moja isiyopenda kuamshwa kwa namna hiyo inatosha kukwamisha kila kitu. "Restart" huruka ujanja huo na kuanza upya kabisa. Siku inapokubali kuwaka, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike:

`powercfg /h off`

Utapoteza sekunde chache za kasi, na pia uwezo wa kuilaza kompyuta kwa "Hibernate". Kwangu mimi hayo ni malipo madogo.

Kama haikubali kuwaka kwa njia yoyote, lazimisha ukurasa wa ukarabati. Washa, vidoti vikitokea tu shikilia kitufe mpaka izime. Rudia. Kwenye uwakaji wa tatu hivi Windows yenyewe huleta ukurasa wa kujitengeneza. Isipoleta, tumia flashi ya kuwekea Windows ya angalau GB 8, iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayolinda diski) wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia simu.

Ndani yake chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart", na ubonyeze 4. Hii ni Safe Mode: Windows ikiwa na draiva za lazima tu.

Ikiwaka humo, vifaa vya msingi viko sawa kwa kiasi kikubwa, na mkosaji ni kitu kilichoongezwa. Jiulize ni nini kiliingia mwisho. Draiva ya video ndiyo ninayoishuku kwanza, kwa kuwa Safe Mode haiitumii. Irudishe kwenye toleo la awali kupitia Device Manager, orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows. Programu mbili za kuzuia virusi zikikaa pamoja nazo hugombana, ondoa moja. Kama tatizo lilianza baada ya masasisho, rudi kwenye ukurasa wa ukarabati uchague "Uninstall Updates". Badilisha kitu kimoja, washa, tazama. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Ikiganda hata kwenye Safe Mode, shuku diski, na hapa mpangilio wa kazi ni muhimu: okoa mafaili kwanza, rekebisha baadaye. Kwenye ukurasa uleule wa ukarabati fungua Command Prompt, uandike `notepad`. Bofya File, kisha Open, na chini uchague kuonyesha mafaili yote. Dirisha hilo dogo sasa ni njia yako ya kupekua diski. Unaweza kubofya folda kwa kitufe cha kulia, kunakili, na kubandika kwenye diski ya nje. Dirisha halionyeshi kazi ilivyofika, kwa hiyo nakili folda chache chache.

Mafaili yakishakuwa salama, angalia herufi ya diski, maana humo C inaweza kuwa D. Andika `dir C:\` na utafute folda ya Users. Ukiipata:

`chkdsk C: /r`

`sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows`

Ya kwanza husoma diski nzima kutafuta sehemu zilizooza, na kwenye diski kubwa huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana sipendi kuiendesha kabla ya kunakili: diski mgonjwa huweza kuishia humo. Ya pili hurudisha mafaili ya Windows yaliyoharibika.

Ikiganda baada ya kuingiza nywila

Hii ndiyo nyepesi. Fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, uzime zote usizozihitaji. Kama haikutosha, endesha `msconfig`, nenda kwenye orodha ya huduma (programu zinazofanya kazi chinichini), ficha za Microsoft, kisha uzime nusu ya zilizobaki. Ikipona, mkosaji yumo kwenye nusu uliyoizima. Igawe tena mpaka ubaki na mmoja.

Kama inaganda dakika chache baadaye hata bila programu zozote, sikiliza feni. Vumbi likijaa na prosesa ikichemka, mashine hukata au huganda.

Kabla ya kuweka Windows upya

Fika hapa ukiwa umeshapima RAM na diski. Njia ya "Reset this PC" yenye chaguo la "Keep my files" hubakiza mafaili yako binafsi lakini huondoa programu ulizoweka, kwa hiyo orodhesha unazozihitaji na utafute leseni zake. Baada ya hapo chukua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa mashine yako, si kutoka kwa zile programu zinazodai kusasisha kila draiva kwa kubofya mara moja.

Na kama wakati wowote diski inagonga, tik, tik, tik, kwa mpigo unaojirudia, zima na usiiwashe tena kujaribu. Kama ndani kuna kitu usichoweza kukipoteza, ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data kama ilivyo.