Komini yenu imezaliwa: kazi ya miezi sita ya kwanza

Siku amri ya kuunda komini, yaani eneo la utawala la mji au mji mdogo, inaposomwa kuna ngoma, kuna vinywaji, kuna vitenge vya sare. Jumatatu asubuhi burgumestri mpya, mkuu wa komini, anafungua chumba chenye meza moja na viti viwili vya plastiki, na jambo la kwanza linalomjia kichwani ni muhuri. La pili ni vijana wa kutuma sokoni na vitabu vya risiti. Nimeyaona hayo katika komini tatu za mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nilizoitwa kusaidia, baada ya miaka 21 ya kazi katika ofisi za komini hapa Lubumbashi. Zote tatu zilianza kwa kutoza. Katika mbili, mama wa soko walibeba ndoo zao za mihogo na makaa wakahamia ng'ambo ya mpaka wa komini, kilomita nne, na soko likabaki vibanda na mbwa.

Basi hapa nageuza mpangilio: kutoza kunakuja mwisho. Nawaandikia hasa masekretari, kwa sababu burgumestri hubadilishwa, sekretari hubaki na funguo.

Hatua ya 1. Jueni sheria inawaita nani

Tafuteni nakala mbili: Katiba ya 18 Februari 2006, na sheria nambari 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inayopanga miji, komini, sekta na sheferi (hizi mbili ni maeneo ya vijijini, na sheferi iko chini ya chifu wa jadi). Hizo ndizo tawala nne zenye madaraka ya kujiendesha. Teritwari, ngazi iliyo chini ya mkoa, haimo humo, wala kartie (mtaa), wala kijiji.

Komini hupatikana kwa njia mbili. Kila makao makuu ya teritwari ni komini, kwa hiyo hapa kwetu Kipushi, Sakania, Kasenga, Pweto, Mitwaba na Kambove. Njia ya pili ni sehemu ya mji au mkusanyiko wa watu wasiopungua 20,000 uliopewa hadhi hiyo kwa amri ya Waziri Mkuu. Ili uitwe mji mkubwa wenye meya, kama si makao makuu ya mkoa, sheria inadai watu 100,000 pamoja na miundombinu. Mwaka 2013 maamri ya mwezi wa Juni yaliinua miji na komini nyingi kwa mpigo mmoja, na nyingi zilikaa miaka kwenye karatasi bila kiongozi wala ofisi. Kwa hiyo angalieni amri yenu ni ya lini, na mpaka inaoutaja ni upi. Ibandikeni ukutani.

Komini ina vyombo viwili: baraza, na kamati tendaji yenye burgumestri, msaidizi wake na maeshevini (wajumbe watendaji) wawili. Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Hali halisi ni kwamba uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika katika miji iliyo makao makuu ya mikoa tu. Komini mpya ya porini haina baraza, na viongozi wake wameteuliwa. Hilo si kosa lenu, lakini lina matokeo: hakuna aliyechaguliwa wa kusema ndiyo au hapana kwa niaba ya watu. Nawashauri muunde kamati ya kushauriana isiyo na mshahara: mama mmoja wa soko, mwalimu, muuguzi, mtu wa kila kanisa kubwa, kijana wa pikipiki, na sultani (chifu wa jadi). Haina nguvu ya kisheria. Ina nguvu ya kuwaambia mnapokosea kabla mawe hayajarushwa.

Hatua ya 2. Tembeeni mpaka kwa miguu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo komini nyingi zinapooza kuanzia kwenye mizizi.

Amri huandika mpaka kwa maneno: kutoka mto fulani hadi njia panda fulani. Mto hukauka, njia panda huhamishwa na lori za madini. Chukueni simu yenye kupima mahali, mtu wa ofisi ya ardhi, sultani wa upande wenu na sultani wa upande wa pili, na mtembee mpaka wote. Kila kona piga picha, andika namba za mahali, pandeni jiwe lililopakwa chokaa. Ikiwezekana mti pia, kwa kuwa jiwe hubebwa usiku. Jioni andikeni ripoti ya kurasa mbili na kila mmoja atie saini au kidole.

Msimwendee sultani mikono mitupu, wala msimtumie barua. Sheria inasema komini inaweza kugawanywa kwa kartie na pia kwa maeneo ya jadi yaliyoingizwa ndani yake. Kwa hiyo sultani hajafutwa. Ila yeye anasikia kwamba ardhi ya babu yake sasa ina burgumestri, na hakuna aliyekuja kumwambia. Mwambieni kwa mdomo, mkiwa mmeketi, na mmwache aulize mpaka amalize.

Anayeona hii ni sherehe tu akumbuke Minembwe, Kivu Kusini. Komini hiyo ya vijijini iliwekwa rasmi mwishoni mwa Septemba 2020. Mwezi uliofuata Rais Félix Tshisekedi, akiwa Goma, akatangaza kwamba anafuta kilichofanywa. Moto ulikuwa wa ardhi: ni ya nani, na nani alichora mstari.

Kwetu Katanga mstari huo una bei. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa Machi 2018, ushuru ambao kampuni hulipa kwa madini inayouza unagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% komini au sheferi ambamo mgodi upo, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Yaani kwenye kila dola 1,000,000, dola 150,000 ni za eneo lenye mgodi. Sasa fikirieni shimo la shaba ambalo nusu yake iko kwenu na nusu kwenye sheferi jirani, na hakuna jiwe hata moja lililopakwa chokaa. Niliona viongozi wawili wakigombania shimo kama hilo miezi tisa. Pesa ilikaa, wanasheria wakala.

Hatua ya 3. Pokeeni kwa maandishi

Kabla yenu eneo lilikuwa chini ya sekta, sheferi au msimamizi wa teritwari. Kuna madaftari, ramani za viwanja, funguo, labda pikipiki bila gurudumu. Hesabuni kila kitu, mkiandika hali yake, pande zote zitie saini. Madeni nayo ni mali: ulizeni nani anadaiwa na nani anadai. Kazi ya siku mbili. Kuiruka kutawagharimu mwaka.

Hatua ya 4. Fungueni eta-sivili (uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo) kabla ya huduma nyingine yoyote

Burgumestri ndiye ofisa wa vizazi, ndoa na vifo katika komini yake. Hii ndiyo huduma ambayo haihitaji barabara, transfoma wala fedha kutoka Kinshasa. Inahitaji daftari lililopigwa namba kila ukurasa, kalamu, na mtu mwenye mwandiko mzuri ambaye hatoroki saa sita mchana.

Sheria ya familia, tangu marekebisho ya 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, lazima apitie mahakamani kupata hukumu ya kujaza pengo, na hapo ndipo nauli na gharama za karatasi zinapomkatisha tamaa mama wa kijijini. Kwa hiyo msingoje watu waje ofisini. Ombeni nafasi ya meza katika nyumba ya uzazi, mara mbili kwa wiki. Siku ya soko, wekeni meza nyingine chini ya mwembe. Andikeni kwenye kibao kwa herufi kubwa: MTOTO WA CHINI YA MIEZI MITATU, HATULIPISHI. Kisha mlinde kibao hicho, maana karani atatafuta franka za "kalamu". Mimi mwenyewe, nikiwa karani kijana, nilipokea franka za kalamu. Najua zinavyoanza.

Katika komini ya tatu, ile iliyotuliza mambo, tulisimamisha utozaji miezi minne tukafanya hili tu. Juma la kwanza walikuja kumi na wanne. Kufikia mwezi wa pili mama walikuwa wanapanga foleni na vikapu vyao, na kwa mara ya kwanza nilisikia mtu akisema "komini yetu".

Mkumbuke historia ya huku. Katika miji ya shaba, kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, shule, hospitali, hata unga wa bukari (ugali). Wazee walikuwa wanasema kampuni ni baba, ni mama. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondolewa kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na watu wakabaki bila baba na bila mama. Komini kwao ilikuwa mahali pa kulipia faini. Hamjajenga utawala mpaka wameiona ikitoa kitu.

Hatua ya 5. Kartie, avenyu, parseli (kiwanja)

Gawanyeni komini kwa kartie chache. Tano zinazofanya kazi zinashinda kumi na mbili za kugawana vyeo. Kila shefu wa kartie awe na daftari moja la wakaazi, avenyu kwa avenyu. Pakeni namba kwenye mageti, nyekundu juu ya nyeupe, ionekane na pikipiki inayopita.

Onyo moja. Chini ya sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni wa Dola, na hati ya kiwanja hutolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie inashuhudia tu kwamba fulani anakaa hapo. Lakini ndani ya wiki ya kwanza mtu atakuja na bahasha kutaka kiwanja cha shule, au kando ya mto, au katikati ya barabara itakayokuja. Simamisheni ugawaji wote kwa miezi sita kwa tangazo lililosomwa makanisani. Mtachukiwa na wachache, wote wenye magari.

Hatua ya 6. Pesa: akaunti, kisha bajeti

Fungueni akaunti ya benki kwa jina la komini, saini mbili, ya burgumestri na ya mhasibu. Kama benki iko mbali, hata kilomita 90, mtu aende. Hakuna franka inayolala katika droo ya burgumestri.

Bajeti huanza 1 Januari na kuisha 31 Desemba, na rasimu yake hupitia kwa gavana kabla ya kutumika. Vivyo hivyo kodi mpya: huwezi kuiota usiku ukaitoza asubuhi. Orodha ya kodi na ada zinazoruhusiwa kwa mikoa na komini imo katika amri-sheria nambari 18/004 ya 13 Machi 2018. Isiyo katika orodha hiyo ni ulaghai, hata ikiwa na muhuri.

Katika upande wa mapato, muwe wagumu wa kuamini. Katiba inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa, na sheria ya 2008 inazipa komini na wenzake 40% ya fungu hilo. Kwa karatasi ni 16 katika kila 100. Kwa benki huja kidogo, huja kwa kuchelewa, miezi mingine haiji. Iandikeni, lakini msiahidi dispansari juu yake. Mishahara na karatasi zikae juu ya mnachokusanya wenyewe. Ushuru wa madini, kama mnao, uende kwenye kitu kinachogusika, mradi mmoja kwa mara moja. Linganisheni kilichoingia na ripoti za ITIE (mpango wa uwazi wa mapato ya madini), ambako malipo ya kampuni za madini hutangazwa. Siku tarakimu mbili hazifanani, andikeni barua, msipige simu.

Kuna fungu jingine ambalo viongozi hulichanganya na hili: kila kampuni ya madini hutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Hilo lina chombo chake. Burgumestri akilitia kwenye bajeti yake, atakuwa ameanza kuiba bila kujua.

Hatua ya 7. Sasa nendeni sokoni

Mwezi wa tano au wa sita. Msitume vijana, nendeni wenyewe, na mkutane na mama wa soko asubuhi kabla hawajapanga bidhaa. Mmoja wao atauliza, kama alivyoniuliza mimi: "Papa, mulishatupatia nini shiye, mbele ya kutulomba makuta?" Yaani, mmetupa nini sisi kabla ya kutuomba pesa? Kama mmefuata hatua ya nne, mna jibu, na huenda mtoto wake ni mmoja wa walio katika daftari.

Kubalianeni ada moja ya meza kwa siku, tikiti moja, rangi moja. Bei iandikwe langoni. Mtozaji avae kizibao chenye namba, na kila jioni mama mmoja aliyechaguliwa na wenzake ahesabu vishina vya tikiti pamoja na mhasibu. Mwisho wa mwezi, andikeni ubaoni kilichoingia na kilichonunuliwa. Mwezi wa kwanza tulinunua matoroli mawili na mafagio, taka ya miaka ikatoka siku ya salongo (kazi ya pamoja ya usafi), na mwezi wa pili hakuna aliyefichama mtozaji alipopita.

Vishina vya tikiti na vitabu vya risiti vilivyokwisha msivitupe, wala msivirundike sakafuni. Nunueni kabati la chuma, miguu yake iwekwe ndani ya makopo ya mafuta machafu ya gari. Mchwa wa huku walishakula mwaka mzima wa hesabu zangu, na mkaguzi alipofika nilimwonyesha unga.